Mshitakiwa Aliyekataa Kukana

Kama kuna watu wasiojua kugombana mpaka mwisho, ni watu wa Kilosa. Kuanza wanaanza vizuri. Wanatukanana, wanashikana mashati, wanakwenda kituoni wamefura, wanaandikisha maelezo marefu na kuapa kwamba safari hii hakuna msamaha. Halafu inafika siku ya kesi, na mlalamikaji na mshitakiwa wanakuja mahakamani wamepakiana baiskeli moja.

Mkaguzi Msaidizi Lusekelo, binti wa Tukuyu, hakufundishwa hayo chuoni. Alifundishwa sheria ya ushahidi, alifundishwa kupiga saluti, alifundishwa kusimama mbele ya hakimu bila kutia mikono mfukoni. Mwaka 1994, nyota yake ya begani ikiwa bado inang'aa, akaletwa Mahakama ya Wilaya ya Kilosa kuwa mwendesha mashtaka. Kesi za mauaji na ujambazi zilikuwa na wenyewe. Yeye, kwa ugeni wake, alipewa makosa madogo: matusi, ngumi za kilabuni, ng'ombe kuingia shambani, pombe bila kibali. Aliyapenda kwa moyo wake wote. Alipenda kunyanyuka wakati jina la shauri linatajwa, alipenda ile "Mheshimiwa" inayotangulia kila sentensi, na nyumbani, akipiga pasi gwanda lake, alikuwa akiihutubia pasi.

Tatizo ni kwamba hakuwa ameshinda hata kesi moja. Ya kwanza ilikuwa ya wanawake wawili waliovunjiana ndoo bombani. Siku ya kusikilizwa wakaja wamevaa kanga za sare. Ya pili ni ya Mzee Kisio, mfugaji, ambaye ndama zake waliingia kwenye mahindi ya mkulima wa Mvumi. Mkulima alisimama kizimbani, akaapa, akasema kwamba akifikiria vizuri, mahindi yale huenda yaliangushwa na upepo. Lusekelo akamuuliza kama upepo una kwato. Yule bwana akajibu kwamba mwaka ule upepo ulikuwa mkali sana. Ya tatu na ya nne tusizitaje, maana yeye mwenyewe hakupenda zitajwe.

Mkuu wa polisi wa wilaya, Afande Mwinshehe, alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Alimwita ofisini, akamtazama kwa huruma ambayo ilimuuma Lusekelo kuliko karipio. Akamwambia kwamba hamlaumu, lakini huenda mahakama si mahali pake. Kesi ijayo ikianguka nayo, atampeleka Mikumi kwenye kizuizi cha barabara kuu akaangalie malori ya Zambia, na nafasi yake mahakamani atapewa mwingine. Lusekelo akapiga saluti, akatoka, akaenda kulia chooni, kisha akanawa uso na kuapa kwamba kesi ijayo haitaanguka hata mbingu zikishuka.

Na kesi hiyo ikaja, ikitokea Masanze.

Huko Masanze alikuwapo mzee Mathayo Kalinga, Mhehe, na jirani yake Oswald Ngonyani, Mngoni. Wote wawili walikuja wilaya ile wakiwa vijana kukata mkonge Kimamba. Mhehe na Mngoni ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana, lakini hawa wawili waliufanya utani kama kazi ya pili baada ya mkonge. Shamba lilipofungwa, wakahamia Masanze, wakajenga nyumba zinazotazamana, wakalima mahindi na ufuta, na kila asubuhi mmoja alimuuliza mwenzake ng'ambo ya njia kwa nini bado hajafa. Mwisho Mathayo akafa kweli, kwa kifua na uzee, akazikwa siku ya Jumamosi.

Mathayo alikuwa na mtoto mmoja tu, Imani, na Imani alikuwa kijana wa enzi za ruksa hasa. Serikali ilipolegeza kamba za biashara, wenzake walikimbilia mitumba. Yeye alikwenda Mikumi, akafungua baa yenye gesti kwa nyuma na mafriji yanayonguruma kama yanagombana. Alikuwa na miwani ya jua. Alikuwa na pikapu iliyotoka Dubai na ufunguo mmoja tu, kwa kuwa huo wa pili wenye gari wa huko hawakuona haja ya kuuleta. Na Jumamosi ile ile ya maziko alikuwa amekodi bendi kutoka Morogoro ije ipige baani kwake. Mipango ilikuwa imeshafanyika kabla baba hajafa, na Imani alijiambia kwamba hakuna ubaya wowote: azike, ashike mikono ya watu, na kabla jua halijazama awe njiani kurudi Mikumi. Kulala msibani, kukaa mpaka kuanua matanga, hayo angeyafanya mtu mwenye nafasi.

Mzee Oswald aliyasikia hayo, maana Imani aliwanong'oneza rafiki zake wa Mikumi kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema kuushinda muziki. Basi udongo ulipokuwa unarudishwa kaburini, Oswald akapanda juu ya kifusi, akaanza kazi yake. Akamtukana marehemu kwa nusu saa. Waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka, kama inavyotakiwa. Imani peke yake hakucheka. Utani aliujua, alikuwa ameusikia tangu utotoni, lakini siku ile baba yake alikuwa chini ya udongo, rafiki zake wamesimama na miwani yao wakitazama, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mwisho Oswald akashuka, akamkumbatia kumpa pole, na alipomwachia, ufunguo wa pikapu ulikuwa umetoka kwenye mfuko wa shati la Imani na kuingia kwenye koti la mzee.

"Utaondoka ukinijibu," alimwambia.

Imani hakumjibu. Bendi ilipiga Mikumi bila mwenye baa, na asubuhi yake akaazima baiskeli, akaenda Kilosa kushitaki.

Lusekelo alipolisoma jalada lile alitaka kucheza. Mashahidi walikuwa kijiji kizima. Mshitakiwa, askari walipomfuata, aliutoa ufunguo mwenyewe na kuwauliza kama wamekula. Na mlalamikaji alikuwa mtu wa Mikumi, mfanyabiashara mwenye hasira za kweli, si Mkilosa wa kupakiana baiskeli. Akaandika hati ya mashtaka yenye makosa mawili, kutumia lugha ya matusi hadharani na kuvuruga maziko. Ufunguo akaufunga kwenye bahasha na kuuhifadhi kuwa kielelezo. Pikapu nayo akaagiza isiguswe, ibaki pale pale uani kwa marehemu, kwa sababu ilikuwa sehemu ya tukio.

Siku ya pili Imani akaja kuomba ufunguo wake. Lusekelo akamweleza kwa upole kwamba kielelezo hakitoki mpaka kesi iishe. Imani akasema kwamba yeye ndiye mlalamikaji. Lusekelo akasema anajua. Imani akauliza kama fundi anaweza kuunganisha nyaya, na Lusekelo akamwonya kwamba atakuwa ameharibu ushahidi na anaweza kushitakiwa yeye. Imani akavua miwani. Kuliacha gari kijijini bila mlinzi hakuthubutu, matairi yalikuwa mapya. Kwa hiyo akarudi Masanze kulinda pikapu yake, na kwa kuwa pikapu ilikuwa uani kwa baba yake, akalala kwa baba yake.

Akalala huko mpaka siku ya kesi, na Kilosa kesi hazina haraka.

Asubuhi ya siku hiyo Lusekelo alifika mahakamani mapema. Barazani alimkuta mzee mwembamba amevaa koti la suti lililompita mabega, ameketi kwenye benchi peke yake kama mtu anayesubiri treni anayoijua. Lusekelo akasita kidogo, maana hakuna sura ya sheria inayoeleza jinsi mwendesha mashtaka anavyomsalimia mshitakiwa mwenye umri wa babu yake, kisha malezi ya kwao Tukuyu yakashinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye serikali?"

Lusekelo akakubali kwamba leo ndiye. Mzee Oswald akafurahi. Akamwomba asome mashtaka kwa sauti, asinong'one, maana watu wametoka Masanze kwa miguu kuja kusikiliza. Yeye mwenyewe hatamsumbua mtu. Atakiri yote.

Moyo wa Lusekelo uliruka. Kukiri ni ushindi, tena ushindi mtamu usiohitaji shahidi hata mmoja. Angeweza kumshukuru na kuingia ndani, na hapo hadithi ingeishia. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza, ndiyo maana alipenda mahakama. Akamuuliza mzee kwa nini asikane, kila mtu hukana.

"Nikane?" Mzee Oswald alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini asivue suruali. "Nikisimama pale niseme si kweli, sikumtukana Mathayo, watu wataelewaje? Wataelewa kwamba hakuwa mtani wangu. Nimemtukana maisha yangu yote, leo amekufa ndiyo nimkane mbele ya serikali?"

Lusekelo akaingia ndani na maneno yale yakamfuata. Aliyafukuza. Alipanga karatasi zake, akazipanga tena, akageuka na kumwona Afande Mwinshehe mwenyewe ameketi benchi la nyuma, amekuja kushuhudia. Nyuma yake chumba kilijaa Masanze nzima, na wengine walichungulia madirishani.

Hakimu Hildegarda, mama mtu mzima mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi, aliingia, watu wakasimama, wakaketi. Karani akaanza kusoma mashtaka. Sasa, kosa la lugha ya matusi lina ugumu wake: matusi yenyewe lazima yaandikwe kwenye hati neno kwa neno, na lazima yasomwe. Karani, kijana mstaarabu aliyesali asubuhi ile, akasoma kwamba mshitakiwa alitamka hadharani kuwa marehemu alikuwa mchoyo kiasi kwamba jua likiwa kali alikuwa akikivuta kivuli chake ndani ili mtu asipumzike humo. Chumba kikaguna. Akasoma kwamba alitamka kuwa marehemu alikuwa akikoroma mpaka treni ya usiku inasimama Kilosa kupisha treni mwenzake. Mtu mmoja dirishani akashindwa kujizuia. Akasoma kwamba mshitakiwa aliwaagiza wachimba kaburi waongeze kina, marehemu asije akarudi kudai jembe aliloazima jirani. Hapo askari wa mlangoni akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutetemeka.

Hakimu akasubiri kimya kirudi, akamuuliza mshitakiwa kama ni kweli au si kweli.

"Ni kweli," alisema mzee Oswald, amenyooka kizimbani. "Ila hawakuandika la bao. Nilisema pia kwamba alikuwa anaiba kete."

Hakimu akamwambia hilo halimo kwenye hati. Mzee akasema hilo ndilo analolalamikia. Hakimu akaandika kwamba mshitakiwa amekiri, akamwomba mwendesha mashtaka asome maelezo ya kosa. Lusekelo akasoma: maziko, kifusi, matusi, ufunguo. Kwa kila sentensi mzee alitikisa kichwa kukubali. Aliulizwa kama maelezo yote ni sahihi, akasema ni sahihi sana, binti amesoma vizuri. Hakimu akauliza kama ana makosa ya nyuma, na Lusekelo akajibu kwamba hana.

Ilibaki sentensi moja tu. Kila mwendesha mashtaka anaijua kwa moyo, na Lusekelo alikuwa ameisema mara nyingi mbele ya pasi: Mheshimiwa, naomba mshitakiwa apewe adhabu kali iwe fundisho kwake na kwa wengine. Akasimama kuisema. Akasema "Mheshimiwa," akanyamaza.

Alimwona Afande Mwinshehe ameinama mbele kidogo, ameshika magoti. Alimwona yule mzee kizimbani na koti lake la kuazima, anangoja kuhukumiwa kama mtu anayengoja kupigwa picha. Na alijua, kwa uhakika uliomkasirisha, kwamba mtu huyu hakuwa amekiri kosa lolote. Aliulizwa swali moja akajibu jingine. Sheria ilimuuliza kama alitukana kwa nia ya kuvunja amani. Yeye akajibu kama alimpenda Mathayo.

"Mheshimiwa," alisema tena, na sauti haikuwa ile ya nyumbani. "Naomba mahakama isipokee kukiri huku. Maelezo niliyosoma yamepungua. Mshitakiwa na marehemu walikuwa watani. Sikuliandika hilo, ingawa nililisoma jaladani siku ya kwanza. Mtu huyu hakani kwa sababu anadhani akikana atakuwa amemkana rafiki yake. Naomba iandikwe kwamba amekana."

Aliyedakia ni mshitakiwa mwenyewe.

"Nani kakutuma?" alimuuliza Lusekelo kwa hasira. "Nimekwambia nakiri. Mheshimiwa, serikali inanisemea maneno yangu."

Hakimu Hildegarda akavua miwani. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile alikuwa ameona washitakiwa wakigombana na waendesha mashtaka, lakini hakuwahi kuona serikali inaomba mtu akane na mtu anaikatalia. Akamwambia mzee Oswald aeleze kwa maneno yake kwa nini alichukua ufunguo.

Mzee hakuwa na haraka. Akaeleza kwamba yeye na Mathayo waliwekeana ahadi zamani, tangu kambini Kimamba: atakayetangulia, mwenzake atamzika kwa matusi yanayomfaa. Kila mmoja alikuwa akiyatunza matusi yake kama watu wanavyotunza sanda. Yeye ametimiza. Siku ile pale kaburini alimtazama kijana wa Mathayo, akaona anatazama saa, akaona kwamba akiondoka hivyo hatarudi tena Masanze, na utani wa Wakalinga na Wangonyani utakuwa umezikwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo alichukua ufunguo. Desturi ni kwamba kijana amjibu, amtukane naye vizuri, arudishiwe. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

"Mimi watoto wangu wako mbali, na mke wangu ni mpole, hawezi kumtukana hata kuku," alisema. "Sasa Mheshimiwa, nikifa mimi, nani atanitukana? Nitazikwa kimya kimya kama mtu aliyepita njia?"

Hapo wanawake wa Masanze wakaanza kujifuta macho, na Lusekelo akainamia karatasi zake zisizohitaji kusomwa.

Hakimu akamwita Imani mbele. Akamuuliza kama anaona uwezekano wa mapatano, maana kosa la namna hii sheria inaruhusu watu wapatane. Imani, ambaye alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, akasema kwamba yeye alidhalilishwa mbele za watu, na kwamba biashara yake imekaa bila mwenyewe siku zote hizo. Hakimu akauliza alikuwa wapi siku zote hizo. Imani akasema alikuwa Masanze, nyumbani kwa baba, kwa sababu ya gari. Hakimu akauliza nani alikuwa anampikia.

Imani akakohoa. Akatazama dari. Hakimu akarudia swali.

"Mama Selestina," alisema kwa sauti ndogo.

"Selestina ni nani?"

"Ni mke wa mshitakiwa, Mheshimiwa."

Kumbe kila jioni, tangu mumewe apewe dhamana, mama Selestina alikuwa akivuka njia na bakuli la ugali na kisamvu kumpelekea mlalamikaji, kwa kuwa nyumba ni ya msiba na mfiwa hapiki. Alikuwa akiweka bakuli mkekani na kuketi naye. Majirani walikuwa wakija kumpa pole na kumsimulia habari za baba yake ambazo Imani hakuzijua: jinsi alivyombeba Oswald mgongoni kutoka shambani mpaka zahanati alipokatwa na panga la mkonge, akimtukana njia nzima ili asizimie. Imani alizisikiliza hizo usiku baada ya usiku. Hakimu akamuuliza kama alikuwa anakula. Imani akajibu kwamba alikula. Chumba kilicheka, lakini kicheko cha kumpenda, na Imani akakijua tofauti yake na kile alichokiogopa kaburini.

Kisha akasema kwamba anaomba kuondoa malalamiko yake.

Hakimu akaandika. Akasema kwamba shauri limeisha kwa mapatano, mshitakiwa yuko huru, na ufunguo urudishwe kwa mwenyewe. Kabla hajafunga jalada akamtazama Lusekelo, akasema mbele ya wote kwamba waendesha mashtaka wa kumwomba afunge watu amewaona wengi, na kwamba huyu aliyemzuia asimfunge mtu kwa kosa ambalo hakulikiri, angependa aendelee kumwona pale. Akainuka, watu wakainuka.

Lusekelo hakuyasikia vizuri maneno hayo. Alichosikia ni kesi ya tano ikianguka, na ameiangusha mwenyewe kwa mikono yake. Akatoka barazani na bahasha ya ufunguo. Afande Mwinshehe alikuwa amesimama pale nje akiwa na uso usiosomeka. Lusekelo akapiga saluti, akasema kwamba yuko tayari kwenda Mikumi. Kabla Afande hajajibu, watu wa Masanze wakamiminika kutoka ndani, na katikati yao mzee Oswald na Imani wamesimama wakitazamana, hakuna anayejua aanze vipi.

Lusekelo akawaendea. Akautoa ufunguo, akamkabidhi Imani, akamwomba asaini. Imani akasaini. Mzee Oswald akautazama ule ufunguo mkononi mwa kijana kwa macho ya mtu aliyeshindwa kesi aliyoshinda.

"Kwa serikali ni wako," alisema polepole. "Haya, nenda Mikumi, mwanangu. Safari njema."

Akageuka kumtafuta mke wake. Imani akabaki na ufunguo, akiutazama. Pikapu ilikuwa Masanze, njia ilikuwa wazi, hakuna aliyemzuia.

"Wewe Mngoni," aliita.

Mzee Oswald akasimama. Watu wote wakasimama.

"Baba alisema siku ukifa tusikuchimbie kaburi refu," alisema Imani. "Alisema tuchimbe pana. Kwa ajili ya mdomo."

Kicheko kilichotoka pale kilifika stesheni. Mama Selestina, yule mpole, alicheka mpaka akashika nguzo. Afande Mwinshehe naye tumbo lilimtikisika, akajaribu kulizuia kwa mkanda, akashindwa. Alipoweza kusema, akamgeukia Lusekelo na kumuuliza kama amesikia, lugha ya matusi, hadharani, mlangoni mwa mahakama, mbele ya mkuu wa polisi wa wilaya.

"Nimesikia, afande," alisema Lusekelo.

"Sasa utafungua jalada?"

"Nitafute mlalamikaji kwanza, afande."

Afande akajifuta macho na leso. Akamwambia kwamba Jumatatu asubuhi awe mahakamani mapema, kuna kesi ya bata kutoka Zombo, na hao wa Zombo, kwa habari alizopata, wamegombana kweli kweli. Lusekelo akasahau kupiga saluti. Alikuwa anamtazama mlalamikaji wake asiyepatikana. Mzee Oswald alikuwa bado amesimama pale pale, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola ya lile koti kubwa, na mkono mmoja ameuweka sikioni.

"Sema tena," alimwambia Imani. "Wale wa nyuma hawakusikia."